Kuifanya sauti ya Speak & Spell itamke Kiswahili: shajara ya mradi

Lengo

Speak & Spell ya Texas Instruments ilioneshwa Chicago mwezi Juni 1978. Ni kifaa cha kufundishia watoto tahajia ya Kiingereza: kinatamka neno, mtoto analiandika kwa vitufe, kisha kinamwambia kama amepata au amekosa. Ndani yake hakuna kanda wala sauti iliyorekodiwa. Kuna chipu moja inayoiunda sauti upya kila mara kutokana na mfululizo wa namba, na kwa mwaka 1978 hilo lilikuwa jambo kubwa mno. Paul Breedlove, Richard Wiggins, Larry Brantingham na Gene Frantz walilianza wazo hilo mwaka 1976 kwa bajeti ya dola 25,000.

Mradi una sehemu mbili. Ya kwanza ni kukirudisha kifaa kimoja cha toleo la mwanzo, lile lenye vitufe vilivyoinuka, katika hali ya kuongea. Ya pili ni kutumia mbinu ileile ya uundaji sauti kutamka maneno ya Kiswahili kwa Arduino, bodi ndogo ya kompyuta inayoprogramiwa. ROM za kifaa, yaani chipu za kumbukumbu, hazifutiki wala haziandikiki upya, maana data yake iliwekwa kiwandani wakati wa kutengeneza chipu. Kifaa kitabaki na Kiingereza chake, na kazi yake kwetu ni kuwa kipimo cha kusikilizia: sauti ya Arduino ikisikika mbovu kuliko ya kifaa, tatizo liko kwenye namba zetu, si kwenye mbinu.

Kilichomo ndani

Bodi ina chipu nne zinazostahili kufahamika. TMC0271 ni kidhibiti cha biti 4, ndugu wa TMS1000. Kinasoma vitufe, kinawasha kioo na kuendesha michezo. TMC0280 ndiyo chipu ya sauti, iliyokuja kujulikana pia kama TMS5100. TMC0351 na TMC0352 ni ROM za sauti, kila moja ina biti 131,072, yaani kilobaiti 16. Kando kuna bodi ndogo ya kubadilisha umeme, kioo kinachong'aa kijani-samawati chenye nafasi za herufi nane, spika, na sehemu ya kuchomeka moduli za maneno ya ziada, ambayo iko ndani ya chumba cha betri.

Chipu hizi ni za PMOS, aina ya zamani ya transista, na zinatumia umeme hasi pamoja na ule wa betri. Pini ya Arduino isiunganishwe moja kwa moja na mguu wowote wa TMC0280 au wa ROM. Volti hasi itapita kwenye pini na kuiua, na pengine chipu ya kale ifuate.

Umeme na spika

Betri ni nne za saizi C, jumla volti 6. Zipimwe kifaa kikiwa kimewashwa, kwa sababu betri iliyochoka huonesha volti nzuri ikiwa haina mzigo. Vyuma vya kushikia betri vya kifaa chetu vilikuwa na unga mweupe na wa kijani, ambao ni mabaki ya betri za alkali zilizovuja. Unga huo husafishwa kwa pamba yenye siki, kisha maji kidogo, kisha spiriti ya isopropili, na kuachwa ukauke kabisa kabla ya kutia betri. Siki ni asidi nayo ikiachwa inaendelea kula chuma, kwa hiyo hatua ya maji isirukwe.

Kutu ya betri haiishii kwenye chuma. Hupanda ndani ya ganda la waya, na waya unaoonekana mzima nje unakuwa mweusi ndani, umejaa ukinzani. Dalili yake ni kifaa kinachowaka na kusalimu, kisha kinazimika mara sauti inapopanda. Kata waya kidogo kidogo mpaka shaba ing'ae. Kama haing'ai, badilisha waya wote. Risasi ya kulehemu haishiki kwenye shaba nyeusi hata ukiongeza fluksi.

Bodi ndogo ya umeme hutoa volti hasi ya chipu na umeme wa nyuzi za kioo. Mlio mwembamba unaotoka hapo ni wa kawaida. Kioo kikiwa giza huku sauti ipo, au kikiwa hafifu upande mmoja, anza na kapasita za elektroliti za bodi hii: weka zenye mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na uangalie upande wa hasi kabla ya kutoa ya zamani. Ukitumia adapta badala ya betri, usikisie polariti ya plagi. Fuata njia ya shaba kutoka kwenye tundu hadi upande wa chanya wa betri, upime kwa mita.

Kioo kikiwaka na sauti isisikike, mtu hukimbilia kuilaumu chipu ya sauti. Mara nyingi kosa liko kwenye tundu la kisikizio. Tundu hilo lina bamba dogo linalokata spika pale plagi inapoingia, na likichafuka linabaki limekata hata plagi ikitoka. Chomeka kisikizio: sauti ikisikika humo, safisha bamba kwa karatasi ngumu iliyoloweshwa isopropili. Ikiwa bado, toa waya mmoja wa spika upime. Spika nzima huonesha ohmu chache, iliyokatika haioneshi kitu.

Vitufe vya toleo hili vilihitaji kusafishwa tu. Matoleo ya kuanzia 1980 yana kibodi bapa, na utepe wake hupasuka pale unapokunjwa. Hapo kulehemu hakufai, plastiki inayeyuka.

Kusikiliza kosa lilipo

Saa ya TMC0280 inapiga karibu kHz 640. Ikigawanywa kwa 80 unapata sampuli 8,000 kwa sekunde. Kidhibiti nacho kinachukua mpigo wake kutoka kwenye chipu hiyohiyo, na jambo hili linasaidia sana katika utafutaji wa kosa. Sauti ikiwa nzito na ya polepole, na vitufe navyo vikichelewa kuitika, kosa ni la saa: vipengele vya kuamua mpigo vimehama au mguu haujashika. Sauti ikiwa na kasi sahihi na kidatu (wembamba au uzito wa sauti) sahihi lakini maneno fulani tu yanaharibika kuwa mngurumo, kosa ni la data, yaani ROM au miguu yake. Sauti ikikwaruza kwenye kila neno, hasa pale inapopanda, anza na spika na betri.

Kifaa chetu kilikuwa sahihi kwa kasi baada ya kazi ya umeme, hivyo saa haikuguswa. Sehemu ya kwanza imefungwa.

Namba zilizomo kwenye fremu moja

Mbinu inaitwa LPC (linear predictive coding), na mizizi yake ni kazi ya Bishnu Atal wa Bell Labs na Fumitada Itakura wa NTT. Chanzo cha sauti ni kimojawapo kati ya viwili: mpigo unaojirudia, badala ya nyuzi sauti za kooni, au kelele ya nasibu, badala ya pumzi inayokwaruza mdomoni. Chanzo hicho hupita kwenye kichujio cha ngazi kumi, K1 hadi K10, kinachochukua nafasi ya umbo la koo na kinywa. Kila milisekunde 25 chipu inapokea fremu mpya, yaani kifurushi kipya cha namba hizo. Aliyesoma fonolojia ya Kiswahili sekondari tayari ana istilahi zote anazozihitaji: fremu ni ghuna (chanzo ni mpigo) au sighuna (chanzo ni kelele).

Kwenye TMC0280 fremu ghuna kamili ina biti 49: nishati 4, alama ya kurudia 1, kidatu 5, kisha K1 na K2 biti 5 kila moja, K3 hadi K7 biti 4 kila moja, K8 hadi K10 biti 3 kila moja. Kidatu kikiwa sifuri fremu ni sighuna, na hapo zinatumwa K1 hadi K4 tu, jumla biti 28. Alama ya kurudia ikiwa 1, namba za K hazitumwi kabisa. Chipu inashikilia za fremu iliyopita. Nishati 0 ni kimya na nishati 15 ni mwisho wa neno, kila moja biti 4 tu. Maana yake viwango vya nishati vinavyosikika ni 14, si 16.

Kati ya fremu na fremu chipu hairuki. Inasogeza namba zote kwa hatua nane, kila hatua sampuli 25, ndipo irabu zinateleza vizuri. Lakini inapovuka kutoka sighuna kwenda ghuna, au kinyume chake, mtelezo unazimwa ili "sa" isigeuke ukungu.

Maktaba ya Arduino tunayotumia, Talkie ya Peter Knight, inafuata chipu ya baadaye, TMS5220. Tofauti mbili zina madhara. Kidatu cha TMS5220 kina biti 6, hivyo fremu kamili ni biti 50 na ya sighuna ni 29. Na majedwali ya thamani za K si yaleyale. Ukichukua data ya ROM ya Speak & Spell ukaiingiza Talkie kama ilivyo, kila kitu baada ya kidatu cha kwanza kinahama kwa biti moja na kinachotoka ni mlipuko wa kelele. Ukirekebisha biti ukasahau majedwali, neno linasikika lakini irabu zimepinda. Jingine ni mpangilio wa biti ndani ya baiti: Talkie inazisoma zikiwa zimegeuzwa, na kosa hapo linasikika kama kosa la kwanza kabisa. Thibitisha hili kwanza kwa neno lililokuja na maktaba, ndipo uingize lako.

Saketi ya Arduino

Arduino Nano yenye chipu ya ATmega328P kwa MHz 16 inatosha. Sauti inatoka pini 3 kama PWM (mipigo ya haraka ambayo upana wake hubadilika) ya biti 8 kwa kHz 62.5. Kutoka hapo: rezista ya kilo-ohmu 1, kapasita ya nanofaradi 47 kwenda ardhini. Hiyo inakata karibu Hz 3,400. Kisha potenshiomita ya kilo-ohmu 10, na kutoka katikati yake kapasita ya mikrofaradi 0.1 hadi mguu wa 3 wa LM386, chipu ya kukuza sauti. Mguu wa 2 na wa 4 ardhini, wa 6 kwenye volti 5, wa 5 kupitia mikrofaradi 220 hadi spika ya ohmu 8. Kati ya mguu wa 5 na ardhi weka ohmu 10 zikifuatana na nanofaradi 47, vinginevyo LM386 huweza kutetema yenyewe na kupata joto.

Usiunganishe miguu ya 1 na 8 ya LM386. Ukuzaji wa mara 20 unazidi hata mahitaji, kwani PWM inapanda hadi volti 5. Potenshiomita ianzie chini kabisa. Weka mikrofaradi 100 karibu na mguu wa 6. Bila hiyo, kila irabu yenye nguvu inaishusha volti ya Nano na unasikia mkwaruzo unaofanana sana na kosa la data.

Rekodi na usimbaji

Sauti ya kurekodia: mwanamume, kidatu kati ya Hz 80 na 180, chumba chenye mapazia. Mawimbi ya sauti nyembamba yameachana mno, na uchambuzi unashindwa kuona umbo la kinywa kati yake. Hata kifaa cha asili kilitumia sauti ya mtangazaji wa redio wa kiume. Rekodi inashushwa hadi sampuli 8,000 kwa sekunde, mono, biti 16, ikiwa imechujwa kwanza. Usimbaji, yaani kugeuza rekodi kuwa fremu, unafanywa na programu ya python_wizard. Wenye Mac wana BlueWizard.

Mipaka ya kidatu lazima iwekwe kwa mkono. Kwa Hz 80 hadi 180, kipindi kiko kati ya sampuli 100 na 44. Ukiiacha programu huru, itakamata nusu ya kipindi kwenye irabu /i/ na /u/, na silabi moja katikati ya neno itapiga kelele kama kifaranga.

Mfano wa gharama, neno "sita": /s/ fremu 5 za sighuna (biti 145), /i/ fremu 5 (250), ukimya wa mfumbo wa /t/ fremu 3 (12), mpasuko fremu 1 (29), /a/ fremu 8 (400), mwisho 4. Jumla biti 840, baiti 105, kwa milisekunde 550. Ukigeuza fremu tatu za /a/ kuwa za kurudia unaokoa biti 117 na unashuka hadi baiti 91. Rekodi ya kawaida ya biti 8 ingechukua baiti 4,400. Kumbukumbu ya Nano ni kilobaiti 32, kwa hiyo maneno 100 yanaenea bila kubana.

Ukimya kabla ya mpasuko usikatwe kwa tamaa ya nafasi. Fremu za kimya ni biti 4 tu kila moja, na bila hizo "sita" inakuwa "sia" yenye kikohozi katikati. Mpasuko wenyewe ni mfupi kuliko fremu. Ukiangukia katikati ya milisekunde 25 unatawanyika pande zote mbili na /t/ inalegea. Dawa: ongeza ukimya mwanzoni mwa rekodi kwa milisekunde 5, simba tena, sikiliza, ongeza tena 5, mpaka mpasuko uanzie mwanzo wa fremu. Neno lenye vipasuo zaidi ya kimoja, kama "kitabu", mara nyingi litatosheleza kimoja. Kipe kipaumbele kilicho kwenye silabi yenye mkazo.

Vikwamizo

Hapa ndipo Kiswahili kinapoisumbua chipu hasa.

/s/ na /ʃ/ (sh) kwanza. Sampuli 8,000 kwa sekunde hazibebi kitu juu ya Hz 4,000, na sehemu kubwa ya /s/ iko huko juu. Isitoshe, fremu sighuna zina K1 hadi K4 tu. Matokeo yake "saba" na "shaba" zinatoka karibu sawa. Haisaidii kuongeza ubora wa rekodi, habari yenyewe imekatwa. Tunahariri namba: kwa /s/, K1 inasogezwa upande wa chanya wa jedwali, nishati inashushwa viwango viwili, na urefu unakuwa fremu 4. Kwa /ʃ/, nishati inabaki juu, urefu fremu 6 au 7, na K2 inaachwa kama programu ilivyoitoa, kwa kuwa ndiyo inayoshikilia kilele cha katikati. Sikio linatofautisha kwa nguvu na urefu zaidi kuliko kwa rangi ya sauti. "Saba" na "shaba" sasa zinatambulika hata zikichanganywa.

/z/, /v/, /ð/ (dh) na /ɣ/ (gh) ni tatizo gumu zaidi. Ni vikwamizo ghuna: nyuzi zinatetemeka na pumzi inakwaruza kwa wakati mmoja. Chipu inachagua kimoja, mpigo au kelele, haina njia ya kuchanganya. Ukiacha programu iamue, "zuri" itakuwa "suri" kwa rekodi moja na "duri" kwa nyingine. Kinachofanya kazi kwa /z/ ni fremu mbili ghuna zenye nishati ndogo, fremu moja sighuna, kisha irabu. Fremu ya kelele ikae mwisho, jirani na irabu. Ikikaa mwanzo, msikilizaji anasikia /s/. Kwa /v/ fremu ghuna pekee zinatosha, maana mkwaruzo wake ni hafifu hata mdomoni. "Dhahabu" inakubalika kwa mpangilio wa /z/ wenye nishati ya kelele pungufu kwa viwango viwili. /ɣ/ ya "ghali" bado inasikika /g/, na tunaona kosa ni la fremu ya kelele kuwa na K1 ileile ya /z/. Inapaswa kuwa chini zaidi.

Ving'ong'o

Puani sauti hupotea katika mawimbi fulani, kama mashimo. Kichujio cha LPC kinajua kujenga vilele tu, hakijui kuchimba mashimo. Ndiyo maana /m/, /n/, /ɲ/ (ny) na /ŋ/ (ng') zikisikilizwa peke yake zinafanana. Kinachozitofautisha ni mtelezo wa fremu mbili za kwanza za irabu inayofuata, na hizo haziguswi: hakuna alama ya kurudia hapo hata kama programu inapendekeza.

"Ng'ombe" na "ngoma" ni jaribio zuri. Kwenye /ŋ/ nishati inapanda kwa ulaini kuingia /o/. Kwenye /ŋg/ panatakiwa fremu moja iliyoshuka hadi nishati 2 au 3, ikiwa bado ghuna, halafu kupanda kwa ghafla. Ukishusha hadi 0 unapata kimya, na "ngoma" inakatika kuwa vipande viwili. Mpangilio huohuo unatumika kwa /mb/ na /nd/.

Kwa atakayetaka kuunda mchezo wenyewe wa tahajia: vitufe vya Speak & Spell vina ritifaa, hivyo "ng'ombe" inaandikika sawasawa na inaenea kwenye nafasi nane, kama "chakula" na "mwalimu".

Kiimbo

Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na rekodi nzuri inao tayari. Kinachouharibu ni usafishaji: ukilazimisha kidatu kimoja neno zima, "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya sawasawa zinakuwa neno moja. Ya kwanza mkazo uko kwenye "ba" ya pili, ya pili uko kwenye "ra" ya kwanza. Acha kidatu cha programu, futa tu miruko ya fremu moja. Kwenye silabi ya mwisho ongeza kipindi kidogo kidogo kwa kila fremu, bila fremu za kurudia za mfululizo zaidi ya tatu. Zikizidi, mwisho wa neno unaganda na kulia kama king'ora.

Hali ya sasa

Kifaa kinaongea na vitufe vyote vinaitika. Majina ya herufi, namba moja hadi kumi na maneno ya vipasuo na irabu yamekamilika. /z/, /v/ na /ð/ zimekubalika. /s/ na /ʃ/ zinahaririwa neno kwa neno. /ɣ/ inangoja jedwali jipya la K1, likianza na "ghali", "ghafla" na "shughuli". Neno la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa lina /ʃ/ na /ɣ/ pamoja, na fremu zake za kelele zikikosea kidogo tu linasikika "suguli". Kila faili lazima iishie na fremu ya nishati 15. Ikikosekana, Talkie inaendelea kusoma kumbukumbu inayofuata na kuitamka.